Kidevu cha Mama Mkwe

Mtaani kwao walimwita Mama Spiriti, na jina hilo hakulipata kwa kunywa. Ukipishana naye saa yoyote, hata kama ametoka kuoga sasa hivi na kujipaka manukato, utaisikia ile harufu kali ya chumba cha sindano. Ilikuwa imemganda. Mume wake, fundi baiskeli, alizoea kusema kwamba siku mtu akiwasha kiberiti chumbani kwao nyumba nzima itaondoka, maana mmoja ananuka mafuta ya mnyororo na mwenzake ananuka spiriti.

Kazi yake ilikuwa kung'oa nywele kwa umeme. Siyo za kichwani, hizo zilikuwa na wenyewe kule mbele saluni, kwenye vioo na redio na umbea. Yeye alipanga kichumba cha nyuma chenye mlango wake wa uchochoroni, na mlango huo ndio uliomletea wateja. Mwanamke aliyeota ndevu hapendi kupita mbele ya foleni ya wenzake. Atapita nyuma, ataketi, atafungua mtandio wake, na mara nyingi atalia kidogo kabla hata hajaguswa. Mama Spiriti alimwacha alie. Alikuwa na maneno yake ya siku zote: "Lia tu, ila usijifute kwa mkono. Chukua karatasi hapo."

Sindano za kazi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wenyewe unaotafutwa. Sindano inaingizwa taratibu kwenye kitundu unywele unamoota, mguu unakanyaga pedali, umeme kidogo unaunguza mzizi, kisha kibano kinauvuta unywele nao unatoka bila ubishi. Unywele mmoja, halafu mwingine. Baada ya nywele chache ncha ya sindano hushika ukoko mweusi, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Fundi mvivu atauacha, na unywele unaofuata utaanza kung'ang'ania, na mteja ataruka kitandani. Mama Spiriti hakuuacha. Alikuwa na kipande cha shashi kilicholowa spiriti, akiipangusa sindano mara moja tu, kutoka kwenye kishikio kwenda kwenye ncha, kamwe siyo kurudi, na pembe ya shashi ikishatumika hairudiwi. Hakuipuliza, kwa sababu mdomo wa binadamu, alisema, una mambo mengi kuliko soko. Hakuigusa ncha kwa kidole hata akiwa na glavu. Na sindano ikigusa kitu chochote kisichokuwa ngozi aliyoisafisha yeye mwenyewe, iwe taa, iwe mkono wa gauni, iwe nywele za kichwani za mteja huyohuyo, safari yake imeishia hapo. Anaiweka kwenye kibakuli cha chuma, anafungua pakiti nyingine, kazi inaendelea.

Mkono wake wa kulia ulikaa kama bibi harusi, haugusi kitu. Pua ikimwasha katikati ya kazi alisimama, akaenda mlangoni, akaisugua kwenye ukingo wa mlango kama mbuzi, akarudi akaketi. Wateja waliomzoea walikuwa wakimwuliza, "Mlango hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu," naye alijibu, jicho lake limesharudi kwenye lenzi.

Nyumbani waliishi na mama mkwe, mjane aliyekuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Na mtu wa cherehani ana imani yake kuhusu sindano: sindano haitupwi. Ikipinda inanyooshwa, ikishika kutu inasuguliwa kwa majivu, ikivunjika tundu inageuzwa pini. Kitambaa kilichobaki kwake kilikuwa kiraka, na kiraka kikichakaa kilikuwa kishikio cha sufuria. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, na kabati lake lilijaa akiba ambayo, tukisema kweli, nyingine ilikuwa imeoza.

Mama mkwe alikuwa na siri. Kila siku ya Mungu mtandio wake ulizunguka kidevu na kupanda mpaka karibu na mdomo. Majirani wengine walisema ni jino, wengine walisema ni kifua. Mama Spiriti alijua tangu miezi ya mwanzo ya ndoa, maana jicho la kazi halina likizo: alimwona dirishani, ameshika kioo kidogo, anajing'oa kwa kibano. Alirudi nyuma kimya kimya na hakumwambia mtu, hata mumewe. Mama wa mumeo huwezi kumwendea ukamwambia, mama, njoo nikutoe ndevu. Wakaishi hivyo kwa miaka, wakiheshimiana sana na kupendana kwa kiasi.

Kisha siku moja, wanakunja mashuka, mama mkwe akauliza huku macho yake yako kwenye pindo: "Hiyo kazi yako, inauma?"

"Inachoma kidogo, mama. Kama kuumwa na sisimizi."

"Na mtu wa umri wangu, bado inamfaa?"

"Inamfaa sana."

"Basi nina rafiki yangu mmoja ana shida hiyo."

"Mwambie aje Jumatano mchana, mama. Saa hizo uchochoro hauna watu."

Jumatano rafiki alifika, na rafiki alikuwa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeligusia jambo hilo. Mtandio ulifunguliwa, taa ikawashwa, kazi ikaanza upande wa kulia wa kidevu. Tangu hapo kila Jumatano wakwe hao wawili walikuwa pua kwa pua, na watu wakikaa hivyo mwisho huzungumza. Mama Spiriti alisikia habari za mume wake akiwa mtoto ambazo mume mwenyewe angelipa zisisemwe. Upande wa kulia ulianza kulainika, na ukalainika moja kwa moja.

Kitu kimoja tu kilimkera mama mkwe.

"Mbona umeitoa?"

"Imegusa taa, mama."

"Taa yenyewe umeifuta asubuhi."

"Lakini imegusa."

"Kidevu ni kilekile, na mimi ni yuleyule. Unaogopa nini kwangu?"

"Kwako siogopi kitu, mama. Naiogopa taa."

Kila sindano iliyotua kwenye kibakuli ilimchoma mama mkwe moyoni kuliko ilivyomchoma kidevuni.

Sasa sikia alichofanya, na usimhukumu haraka. Kila Jumatano kazi ikiisha, Mama Spiriti alikwenda kunawa kwenye bomba la uani kabla ya kukimimina kibakuli kwenye boksi la njano, lile ambalo kikiingia kitu hakitoki. Yule mama alitumia nafasi hiyo. Alichagua sindano zake zilizonyooka, akaokota na pakiti zake tupu, akavifunga vyote kwenye leso. Nyumbani alizichemsha kwenye kisufuria, akazisugua mpaka zikang'aa, akazirudisha moja moja kwenye pakiti, akafunga kwa gundi, kwa mkono uleule uliopinda mapindo ya magauni ya maharusi wa mji mzima. Jumanne moja jioni alijitolea kwenda kufagia kichumba, akazitia zote kwenye kopo la sindano mpya, akazichanganya na wenzao. Ilikuwa zawadi. Alitaka mkwe wake aone kopo halipungui, ashangae, ndipo amwambie.

Jumatano asubuhi akaja Refa. Huyu alikuwa mwanamke wa filimbi anayechezesha mechi za wanaume, na sauti yake ilitosha kunyamazisha jukwaa. Mashabiki wakikosa la kusema juu ya penalti walimwambia ana masharubu kumshinda golikipa. Alivumilia mbele yao, kisha akaja kulia nyuma ya saluni. Sasa masharubu yalikuwa yamebaki ya kutafuta kwa lenzi. Asubuhi hiyo alisimulia jinsi kocha mmoja alivyoingia uwanjani kumfokea, akakanyaga mpira, akaenda chini na suti yake, na Mama Spiriti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akafungua pakiti huku bado anacheka, akafanya kazi, wakaagana vizuri.

Mchana ikawa zamu ya mama mkwe. Mama Spiriti alivaa glavu, akalowesha shashi, akachukua pakiti kwenye kopo akaivuta pande mbili. Pakiti ya kiwandani huachana yenyewe, taratibu, kama ganda la ndizi. Hii ilichanika. Akaiinua kwenye taa, akaona mstari mwembamba wa gundi, umenyooka vizuri kabisa.

"Mama, hii pakiti imefanywa nini?"

Mama mkwe alikuwa amelala chali, kidevu juu, anatabasamu kama mtu aliyeingoja siku hiyo. "Umeona, eh? Nilijua utaona. Hizo ni zilezile unazozitupa. Nimezichemsha, nimezifunga upya. Wala usinishukuru."

Mama Spiriti hakushukuru. Aliketi kwenye kiti chake.

"Tangu lini zimo humu?"

"Tangu jana jioni. Kwani vipi?"

"Mama, sindano iliyoingia mwilini mwa mtu haisafishiki kwa kisufuria. Hata ing'ae vipi."

"Lakini ni zangu mimi peke yangu. Sikuchukua ya mtu."

"Najua ni zako. Na asubuhi nilikuwa na mteja."

Mama Spiriti alikuwa akijiuliza swali moja tu: pakiti ya asubuhi, iliachana au ilichanika? Alijaribu kuvikumbuka vidole vyake. Alimkumbuka kocha, akaukumbuka mpira, akakikumbuka kicheko, lakini vidole hakuvikumbuka. Na pakiti yenyewe haikuwepo tena. Takataka za asubuhi alikuwa ameshazipeleka kuchomwa, kwa ule ule usafi wake. Mama mkwe naye hakuwa amezihesabu alizozitia.

Mama mkwe aliinuka taratibu akakaa ukingoni mwa kitanda. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni, na alionekana mzee kuliko alivyoingia. "Nimekuharibia kazi," alisema.

Mama Spiriti alimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na hakujua atoe lipi kwanza. Alilichukua kopo akalimimina lote kwenye boksi la njano, nzima na mbovu. Kisha akavua glavu.

"Na ukinyamaza?" mama mkwe akauliza. Hakuwa akimshauri. Alitaka kujua.

Jibu halikuwa jepesi. Kazi ya mlango wa nyuma inaishi kwa kunong'onezana. Mteja mmoja akinong'ona kwamba pale sindano zinarudiwa, uchochoro utaota majani. Tena Refa hakuwa mtu wa kunong'ona, huyo sauti yake ilikuwa ya uwanjani. Upande wa pili, alikuwako mwanamke ambaye huenda amechomwa kwa sindano ya mtu mwingine, yuko nyumbani kwake anaendelea na shughuli zake, hana habari.

"Nikinyamaza sitaweza kumshika mtu uso tena," Mama Spiriti alisema. "Nakwenda kumwambia. Kopo ni langu na chumba ni changu, kosa nitalibeba mimi. Wewe nenda nyumbani, mama, ukapumzike."

"Nikapumzike nimefanya kazi gani?" mama mkwe alisema, akafunga mtandio wake mpaka puani, akamfuata.

Refa alikaa ghorofani, mtaa wa pili. Walimkuta sebuleni anapiga brashi viatu vyake vya uwanjani juu ya gazeti. Alimpa mama mkwe shikamoo, akawaondolea nguo kwenye kochi wakae. Mama Spiriti hakukaa. Alilisema lote kwa mara moja, kama mtu anayebandua plasta: kwamba kopo lake lilichanganyika na sindano zilizokwisha kutumika, kwamba aliyomtumia asubuhi huenda ni mpya na huenda si mpya, kwamba hana njia ya kujua, na kwamba wanatakiwa waende wakapime damu.

Refa aliiweka brashi chini. "Ilishatumika kwa nani?"

Hapo Mama Spiriti akakwama. Miaka yote ya kazi hajawahi kumtaja mteja kwa mteja mwingine, na huyu alikuwa zaidi ya mteja. "Hilo siwezi kukwambia, dada. Atapimwa, nakuahidi. Lakini jina lake siwezi."

"Huwezi?" Sauti ya jukwaani ilianza kupanda. "Sindano umenichoma mimi, hapa, juu ya mdomo wangu, halafu unaniambia mwenyewe ni siri?"

"Ni siri yake. Hata yako nisingeitoa."

"Basi mimi sitakaa kimya. Wallahi nitawaambia wote wanaopita ule mlango."

Mama Spiriti alikuwa ameshakubali. Alikiona kichumba chake kimefungwa kufuli, akajiona ameketi anashona mashuka pembeni ya cherehani ya mkwe wake, na bado jina halikumtoka.

Nyuma yake mtu alisimama. Mama mkwe alipeleka mkono shingoni, akaitafuta ncha ya mtandio, akaukunjua mzunguko mmoja, na mwingine, mpaka ukalala mabegani. Upande wa kulia wa kidevu ulikuwa laini kama wa msichana. Upande wa kushoto ulikuwa na ndevu, nyeupe na nyeusi, fupi, ngumu, na makovu madogo ya kibano cha miaka mingi.

"Ni mimi," alisema. "Hizo sindano zimetoka hapa. Niliziiba mwenyewe, nikazichemsha, nikazifunga kwa gundi, mkwe wangu hakujua lolote. Nilidhani namsaidia. Twende hospitali sasa hivi nianze mimi kutolewa damu. Ukitaka kutangaza, nitangaze mimi, sema bibi fulani mwenye ndevu ndiye aliyefanya. Yeye usimguse. Huyu hata pua yake hajikuni."

Mama Spiriti alitaka kumfunika. Mikono yake iliinuka yenyewe, na mama mkwe akaishusha.

Refa alitazama kile kidevu kwa muda mrefu. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena ikae wapi. "Mama, geuka kidogo kwenye mwanga," alisema mwisho. Mama mkwe akageuka. Refa alisogea akachungulia upande mmoja, akachungulia wa pili, kama anakagua mstari wa goli.

"Na wewe walikusema sana?"

"Nani angenisema? Hakuna aliyewahi kuniona. Hata marehemu mume wangu hakukiona kidevu changu mchana." "Nilijisema mwenyewe, mwanangu. Kila asubuhi."

Refa alivuta viatu vya kawaida kutoka chini ya kochi akaanza kuvaa. "Nina hasira bado," alisema akifunga kamba. "Msidhani zimeniisha. Lakini twendeni."

Zahanati ilikuwa na benchi moja na mpimaji mmoja, kijana mpole aliyewauliza maswali bila kuinua macho. Mama mkwe alisukuma mkono wake mbele kabla hajaitwa. Walikaa watatu wakingoja, Refa katikati. Mpimaji alipotoka aliwaita pamoja kwa ridhaa yao. Damu ya mama mkwe ilikuwa safi, haina chochote cha kumpa mtu, na ya Refa vilevile. Refa aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu, kwa ajili ya utulivu wa moyo tu. Mama Spiriti aliomba maji ya kunywa, akashindwa kuyanywa, akalia pale pale kwenye benchi kwa sauti, mwanamke mzima.

Nje ya geti Refa aliwaaga. "Jumatano nitakuja. Pakiti utaifungulia mbele ya macho yangu, taratibu, nisikie inavyoachana."

"Mbele ya macho yako."

"Na wateja wako wengine hivyohivyo, hata wasipojua kwa nini." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, upande uliobaki usiuache. Umependeza nusu."

Wakwe wawili walirudi nyumbani kwa miguu. Walipita kwa muuza mkaa, wakapita kwenye saluni mlango wa mbele, wakaitikia salamu za watu. Mtandio ulikuwa bado mabegani mwa mama mkwe. Alikuwa amesahau, kichwa chake kimejaa mambo ya siku hiyo. Mama Spiriti aliona tangu getini. Huyu ndiye mtu ambaye hawezi kupita trei iliyokaa upande asiinyooshe. Safari hii alimshika mama yule mkono, akatembea naye polepole, akanyamaza. Alimpenda siku hiyo bila kiasi chochote.

Fundi baiskeli alikuwa mbele ya nyumba, baiskeli ya mtu ameigeuza miguu juu. Aliinua uso kuwasalimu, na salamu ikamfia mdomoni. Alikuwa na ndevu nyeusi, nzito, zinazoanzia masikioni, anazozichana kila asubuhi, na mtaa mzima ulimsifia. Alimtazama mama yake kidevuni, spana mkononi. Mama mkwe ndipo alipokumbuka. Mkono wake uliruka kwenda kwenye mtandio, ukaushika, kisha ukauachia.

"Mama," alisema fundi baiskeli, "si siku zote mliniambia ndevu hizi nimerithi kwa baba?"

"Baba yako," mama mkwe alisema, "alikuwa na kidevu kama yai."

Akampita, akaingia ndani kubandika maji ya chai.